Kurasa za Nyuma

Kila mwisho wa muhula hubaki madaftari
ambayo wenyewe hawakuyamaliza:
aliyehamia Mariakani, aliyeozwa,
aliyejaza kurasa tatu za hesabu akachoka.
Nachana zilizo tupu, nazishona kwa uzi wa gunia,
na humo, mwaka wa kumi na moja sasa,
ndimo anamoishi Bi Rukiya.

Ni fundi wa cherehani, mtaa wa Kuze.
Nimempa goti bovu, na ulimi,
na mume aliyetoka kununua betri za redio asirudi.
Sura ya tisa nimemfikisha mlangoni,
ufunguo mkononi, ndani mtu anakohoa,
na hapo nikamwacha.
Tangu Ramadhani ya mwaka juzi amesimama.

Mke wangu Mishi huniuliza, akichagua mchele,
"Yule mama hajaingia tu?
Na goti lile?"

Nasoma. Hiyo ndiyo kazi yangu,
ya kufundisha ni ya mshahara.
Nasoma kwenye foleni ya benki, nasoma kwa kinyozi,
nasoma gazeti lililofungiwa mahamri
mpaka kwenye doa la mafuta ambapo habari inakatika,
nikabaki na nusu ya mwizi, nusu ya hukumu,
nikammalizia mwenyewe kitandani.
Stima ikipotea, Majengo nzima huguna kwa pamoja;
nami nawasha tochi ya simu, naiegemeza kwenye bilauri,
mimi nasoma, mbu wananisoma.

Binti yetu Swabra alipopiga hatua ya kwanza
nilikuwa ukurasa wa mia mbili na kumi.
Nilipoinua macho alikuwa ameshafika kwenye ndoo.
Mishi hakusema neno.
Ila kitabu kile, kila nikikishika,
hufunguka papo hapo.

Jumanne nilisahihisha insha za Kidato cha Pili:
Siku Nisiyoisahau.
Wanafunzi arobaini na saba wameamshwa na jogoo,
ndege wakiwatumbuiza, umande ukimetameta.
Jogoo gani, Majengo?
Sisi huamshwa na mkokoteni wa maji,
mitungi ikigombana njia nzima.
Nikatia tiki, tiki, nusu tiki.
Chai ikapoa, ikafunga utando.

Kisha daftari la Mbodze Chengo,
limevikwa karatasi ya saruji, lanuka mafuta taa:
*Baba alirudi. Hakuna aliyesimama.
Nyanya akaendelea kukuna nazi.*

Basi. Nikafunua ukurasa nitafute iliyobaki.
Hakukuwa na iliyobaki.

Kanuni inataka ukurasa mmoja na nusu,
inataka utangulizi, methali mbili, tamati.
Kalamu nyekundu ikakauka hewani.
Nikatoka nje. Jirani alikuwa akigombana na mbuzi
kwa ajili ya shuka.
Nilitaka kumpa Mbodze alama zote. Nilitaka kumwibia.
Niseme kweli: kumwibia kulitangulia.

Kesho yake nikamwita wakati wa mapumziko.
Akaja na bajia mkononi, akidhani amekosa.
Nikamweleza habari za Bi Rukiya, ufunguo, kikohozi,
mambo ambayo hata ndugu yangu hayajui.
Akatafuna. Akafikiri.
"Mwalimu, huyo anayekohoa, amekunywa maji?"
"Sijui."
"Kama ni kwake, angekunywa."
Akapangusa vidole kwenye sketi. Kengele ikalia.

Usiku nikafungua kurasa zangu za mshono.
Bi Rukiya akazungusha ufunguo, kwa shida,
kitasa nacho kimezeeka mlemle ndani ya kitabu.
Hakumtazama mtu. Alitazama mtungi kwanza:
kata ilikuwa juu ya kifuniko, kavu,
vilevile alivyoiacha asubuhi, na yule mtu

Swabra akaita kutoka chumbani. Jino limetoka.
Nikaacha sentensi imening'inia,
nikaenda kuliona.